Mto Uliogeuka Mpunga

Sista Felista ndiye aliyenitoa Dar es Salaam. Ni muuguzi Mikumi, kwenye nyumba ambako wajawazito wanaotoka mbali hukaa kusubiri kujifungua. Alimwambia mdogo wangu Zuhura, "Wanakuja na hofu, wanalala na hofu. Nitafutieni kitu cha kuwatuliza." Zuhura anaishi Kilosa na hutengeneza picha zinazotembea, mimi nachora kwa brashi. Tulikuwa tumetamani sana kuunganisha kazi zetu. Siku hiyohiyo nikaanza kuchora mto.

Treni ya umeme ilinifikisha Kilosa asubuhi, nimelikumbatia turubai langu la kuchorea kama mtoto. Sebuleni kwa Zuhura tulifunika madirisha kwa mablanketi, tukalitundika ukutani. Akawasha projekta. Mwanga ukafuata mistari ya brashi yangu, na maji niliyoyachora yakaanza kwenda! Nilipiga kelele hadi jirani akaja kuuliza kuna nini. Naye akakaa kutazama.

Kesho yake tukapanda basi la Mikumi. Tulipopita kijiji cha Ulaya, Zuhura akanichokoza: "Dada, si ulitaka kuonyesha kazi zako Ulaya? Ndiyo hii."

Mikumi, mchana. Sista Felista alituingiza kwenye chumba kikubwa, akafunga mapazia mazito. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka.

"Shikamoo mama," nilimwamkia bibi mmoja mfugaji, aliyemsindikiza mkwe wake, Nashipai.

"Marahaba. Mmetuletea sinema?"

Tukatundika turubai, Zuhura akawasha projekta, maji yakaanza kutembea. Wanawake wakainua nyuso, nami nikatabasamu. Ghafla mwanamke aliyekaa mbele akasimama, mkono tumboni.

"Zima! Zima, dada, tafadhali!"

Zuhura akazima. Sista akamketisha mwanamke yule, akamshika mikono. Aliitwa Mwanahawa, mkulima wa mpunga. Mafuriko yaliibeba nyumba yake, na akiona maji yanakwenda, husikia tena kuta zikianguka. Nilikuja kumtuliza, nikamtisha.

Nikachuchumaa mbele yake. "Nisamehe, ndugu yangu. Wewe hutulizwa na nini?"

Akafikiri. "Upepo. Ukipita juu ya mpunga ambao haujaiva."

Rangi zangu hukauka upesi. Nikazifungua palepale na kuufunika mto kwa kijani, huku Zuhura akipunguza mwendo wa maji kwenye kompyuta hadi yakawa mawimbi mepesi ya upepo. Wanawake wakasogea.

"Hapo tia manjano kidogo!"

"Mpunga gani huo? Hayo magugu!"

Nilichora nikicheka, jasho likinitoka. Ndipo Nashipai, aliyekuwa kimya muda wote, akasema, "Mimi nataka ng'ombe."

Kicheko kikakatika. Huku kila mtu anaujua ugomvi wa mifugo na mashamba. Nikabaki nimeshika brashi hewani, namtazama Mwanahawa.

"Mchore," akasema. "Ila mweke ng'ambo ya tuta. Asinilie mpunga!"

Bibi akacheka mpaka shuka likamponyoka begani, na chumba kizima kikamfuata.

Tulipowasha tena, upepo ukapita mpungani. Ng'ombe wa Nashipai akatikisa sikio. Baada ya muda Mwanahawa alisinzia palepale alipokaa, kichwa chake begani kwa Nashipai. Nilipoanza kukusanya makopo yangu, Nashipai akaweka kidole mdomoni.

Turubai na projekta tuliviacha palepale. Njia nzima ya kurudi Kilosa, mimi na Zuhura tuliongea kwa kupokezana maneno, kila mmoja akimkatiza mwenzake: tungechora nini tena, wapi, kwa ajili ya nani.

Kwenye treni ya Dar es Salaam ndipo nilipotulia na kujitazama. Nilikuwa nimeamini kwamba mto humtuliza kila mtu, kwa sababu hunituliza mimi. Siku hizi, kabla sijafungua kopo la rangi, nauliza.