Pua ya Stamatia na Kadi ya Pasaka

Hebu mwone Stamatia akiingia duka la kompyuta pale Volos, mji wa Ugiriki, wiki moja kabla ya Pasaka. Pua inatangulia, mwili unafuata. Bisibisi ameichomeka kwenye nywele, pale wenzake wanapoweka kibanio, na uso ameukunja kama mtu aliyekanyaga kitu njiani. Hata salamu bado.

"Hiki nini?" akauliza, akilinyooshea kidole kasha la kioo linalowaka bluu, zambarau na kijani.

"Ndilo wanalotaka vijana siku hizi, mama Stamatia," akasema muuzaji.

"Wanataka kompyuta au ukumbi wa dansi? Hizo taa zinapiga hesabu gani? Niondolee. Nipe lile la bati pale pembeni, lenye matundu mbele. Mashine nayo ina mapafu."

Ndivyo alivyo, msomaji wangu, usimchukie. Miaka ishirini na miwili alisuka nyaya za mota katika karakana, na karakana ilipofungwa akajifundisha kompyuta kwa kufungua zilizokufa. Leo nusu ya mtaa wa Nea Ionia wanatumia mashine alizounda yeye, zenye nguvu ya kutisha kwa bei ya mtu wa kawaida. Siri yake haikuwa siri. Pesa nyingi aliziweka kwenye prosesa na kadi ya picha, ile inayochora kila kinachoonekana kwenye kioo; ubao mkuu ukawa wa kadiri, na urembo hakuutia hata senti. Pawa saplai inayolisha umeme lazima iwe mpya, maana huo ndio moyo, na moyo wa mtumba hukufia mikononi. Kadi ya picha ya mtumba aliikubali, ila kwanza aifungue na ainuse.

Pua hiyo imeona mengi. Imenusa tumbaku ya miaka kumi iliyoganda kama lami, na mikojo ya paka, na mafuta ya kukaangia dagaa. Siku moja alifungua pawa saplai akakuta ukoo mzima wa mende, babu hadi vitukuu, na chakula hakikumpita kooni mpaka kesho yake. Kwa hiyo wateja wake walilijua neno lake moja: kinachonuka hakiingii.

Safari hii alikuwa akimuundia binti yake wa pekee, Mirsini. Ofisi moja ya wachora majengo huko Athens ilikuwa imempa kazi ya majaribio: achore nyumba kwa picha zinazotembea, mnunuzi aizunguke kabla jiwe halijawekwa. Kazi ifike Jumanne asubuhi baada ya Pasaka. Ikifika, ameajiriwa. Isipofika, anarudi kubeba trei kwenye mikahawa ya ufukweni, alikokwisha kuacha viangazi sita vya ujana wake.

Kila kitu kilipatikana isipokuwa kadi ya picha. Hapo ndipo Thrasos alipojitokeza. Huyu alikuwa kumbaro wake: ndiye aliyemvisha taji siku ya ndoa, kisha akampaka Mirsini mafuta kwenye beseni la ubatizo; naye Stamatia akawa kumbara wake.

"Kadi niachie mimi, kumbara," akasema. "Mtoto ni wangu pia."

Jumamosi Kuu akaja na mshumaa wa Pasaka, kama baba wa ubatizo afanyavyo kila mwaka, tangu binti akiwa wa kubebwa. Utotoni mshumaa ulikuwa ukifungwa pamoja na viatu vipya. Mwaka huu utepe mwekundu ulifunga kadi.

"Imetumika kidogo tu," akasema. "Ya daktari wa meno. Alisomea barua pepe."

Stamatia akakunja pua. Nani ananunua ng'ombe wa kulimia ili abebe kikapu? Na kadi ilinukia marashi ya limau, kali, ya kufunika jambo. Mkono ukapanda nyweleni kutafuta bisibisi.

"Mama! Usithubutu," Mirsini akanong'ona. "Ni mshumaa wa baba wa ubatizo."

Mkono ukashuka. Zawadi ya kumbaro haikaguliwi mbele yake kama samaki anayefunuliwa mashavu sokoni. Kwa mara ya kwanza maishani mwake Stamatia akafunga kadi kwenye mashine bila kuifungua kwanza. Thrasos akaitemea mashine vimate vitatu vya kuzuia kijicho, "Ftu, ftu, ftu, mashallah yake!", na Stamatia akafuta ubao kwa kitambaa huku amekaza meno.

Jumapili ya Pasaka mtaa mzima ulikuwa ukigeuza kondoo juu ya makaa, na maduka yamefungwa mpaka Jumanne. Mirsini alikuwa ndani akichora. Kadi ikapata moto, na moto ukatoa ya moyoni: limau kwanza, halafu tumbaku, halafu kitu kichachu kama soksi iliyosahaulika kwenye buti. Kioo kikaingia mistari, kikazimika.

Safari hii hakuna aliyeuzuia mkono wa Stamatia. Alipoinua kifuniko akageuza uso. Vumbi lilishikana na mafuta likawa kama ugali mweusi. Ndani yake mlikuwa na nywele, manyoya ya mbuzi, na mende mmoja aliyekauka, miguu juu. Skrubu zilikuwa zimechubuka kwa kufunguliwa na kufungwa. Wahenga walisema mavi ya kale hayanuki. Hawakukutana na pua ya Stamatia.

Manyoya ya mbuzi. Akakumbuka banda la mbuzi nyuma ya nyumba ya Thrasos, lililovuma usiku na mchana miaka mitatu iliyopita. "Mashine za kutotolesha vifaranga," alikuwa akisema. Kifaranga hakuna aliyekiona.

Akamfunga mende kwenye karatasi, akavuka mitaa miwili. Thrasos alikuwa amesimama kwenye makaa, midomo inang'aa mafuta.

"Kristo amefufuka, kumbara! Njoo uonje figo."

"Kweli amefufuka. Na huyu wako hajafufuka." Akaifungua karatasi kwenye sahani yake. "Daktari wako wa meno huyu hapa."

Thrasos akatazama, akacheka kidogo, akaacha. "Nilipangusa, walahi. Kwa limau."

"Uliipaka marashi. Ulikuwa unachimba sarafu za mtandaoni kwa kadi hizi, bandani na mbuzi wako, ukazichemsha miaka miwili bila kuzizima. Halafu unamfungia mtoto uliyempaka mafuta! Kwa utepe!"

"Punguza sauti, majirani. Wewe hujawahi kuweka kitu kilichotumika? Zawadi ni zawadi."

"Huweka. Ila mimi wateja huwaambia."

Thrasos akafuta mikono, akatoa ufunguo wa banda mfukoni. "Ziko nyingine arobaini mle. Chagua mwenyewe. Nusa utakavyo."

Stamatia alitaka kuutupa ufunguo ule kwenye makaa. Lakini Jumanne ilikuwa inakuja, na hakukuwa na duka. Akaingia bandani. Joto la samadi likampanda mpaka kichwani. Akafungua moja baada ya moja, akiziweka kando kwa ncha za vidole. Ya thelathini na moja ilikuwa kavu, feni zake zikizunguka bila kukwaruza; pengine ilinunuliwa mwishoni, haikuteswa sana. Akaisafisha kwa brashi na spiriti, akaijaribu saa nzima kwenye mashine kuukuu ya Thrasos. Haikuyumba.

Nyumbani akanawa mikono mara tatu. Harufu ya banda bado ilikuwa chini ya kucha. Sahani ya kondoo akaisukuma mbali. Kadi ikawaka, nyumba ya Mirsini ikasimama kwenye kioo, milango ikifunguka yenyewe.

"Afadhali, mama!" Mirsini akasema, macho kwenye kazi. "Ile nyingine ilikuwa na ubovu tu, siyo? Hii umeitoa wapi? Nimpigie baba wa ubatizo nimshukuru hata hivyo?"

Stamatia akasimama mlangoni, bisibisi mkononi, vidole vikimnukia. Anamjua binti yake: akijua imetoka banda lile lile la Thrasos, ataing'oa usiku huu huu, kazi au si kazi. Na kinachonuka hakiingii, neno hilo nani alimfundisha kama si yeye?

Wewe ungemjibu nini?