Viatu Vyangu Katika Skuli ya Salma

Jambo hili nimelificha miaka mingi, na nalisimulia leo kwa kuwa waliolishuhudia wengine wamekufa na wengine wametawanyika, na mmoja aliyebaki karibu nami, mke wangu, amenipa ruhusa kwa sharti nisijipendelee. Basi sijipendelei. Siku ile nilijiaibisha mbele ya watoto kumi na wawili wa chekechea, mama zao, baba zao na bosi wangu, na hakuna aliyenisukuma.

Kwanza mjue ilikuwaje mtu wa Unguja akawa anatafuta chekechea ya Kijapani Saudia. Nilitoka kwetu baada ya mapinduzi, kijana niliyemaliza darasa la kumi na mbili, nikapata kazi melini upande wa mashine, na meli ikanishusha Kobe nikakaa miaka sita. Huko nikamuoa Maryam (kwao walimwita Yoshiko, na baba yake, seremala asiyesema sana, ilimchukua mwaka mzima kunisamehe, kisha akanipenda kuliko wanawe). Mafuta yalipopanda na Saudia nzima ikawa inajengwa usiku na mchana, kampuni moja ya Kijapani ikataka mtu anayejua Kijapani na Kiarabu japo cha kuombea maji, ndipo nikaja Riyadh kusimamia ghala lao kule Sulay. Salma akazaliwa hapo. Alipotimia miaka minne alikuwa anasema Kijapani na mama yake, Kiswahili na mimi, na kwa Kiarabu alikuwa anamtukana paka wa jirani tu.

Kila mwezi baba mkwe alipiga simu kutoka Kobe. Yule mzee ambaye na mimi husema maneno matatu, na Salma alizungumza mpaka simu inakatika. Maryam alikuwa akisimama pembeni kuwasikiliza, na siku moja akaniambia: "Baba Salma, lugha ya mtoto isiyokuwa na watoto wenzake wa kucheza nayo, inakufa. Mimi peke yangu sitoshi. Ikifa, baba yangu atabaki na mjukuu wa kumtazama kwenye picha."

Kwa hiyo tukaanza kutafuta. Riyadh palikuwa na mke wa mhandisi mmoja aliyewakusanya watoto watano sebuleni kwake, akiwaimbisha na kuwafundisha kukunja karatasi zikawa ndege. Jeddah palikuwa na chekechea hasa, ndani ya ua wa nyumba za kampuni, chini ya Mwalimu Sato, mwanamke mtu mzima mwenye sauti ndogo. Maryam alilipenda darasa la sebuleni. Mimi nilitaka Jeddah, na sababu niliyoitoa ni kuwa kuna bustani, lakini sababu ya kweli ni kuwa binti wa bosi wetu mkubwa alikuwa anasoma pale. Kampuni ilikuwa tayari kunihamishia tawi la Jeddah, na dada yangu Zuhura alikuwa anaishi hukohuko, mtaa wa Sharafiya, nyumba ina nafasi. Tukakubaliana Salma akajaribu wiki moja, yeye na mama yake wakae kwa Zuhura, nami nije siku ya mwisho ya wiki ya kazi ya Saudia siku zile, Jumatano, siku ambayo wazazi wote hualikwa.

Sasa kosa langu la kwanza lilikuwa mdomo. Nilijisifu ghalani. Palikuwa na dereva wetu mmoja wa Mombasa, Athumani, mtu wa maneno, akaniuliza huku anakunywa chai:

"Wampeleka mtoto kwa mabosi, bwana ghala?"

"Nampeleka skuli."

"Haya. Lakini mtoto wa Mswahili akiingia kwa mabosi hupawa kazi mbili, kuchekesha au kufagia. Wako ni mcheshi?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, lakini neno lile likaniingia kama mwiba wa samaki, halionekani ila kila ukimeza unalisikia. Mkumbuke tulikuwa watu wa ikama, kile kibali cha kukaa, mtu ana kafili wake wa kumdhamini, na hakuna siku iliyopita bila mtu kukuashiria kwa kidole uje ubebe kitu, hata kama umevaa tai. Nilikuwa nimezoea kwa upande wangu. Kwa Salma sikuwa tayari.

Jumanne nikaenda Dirah kununua kanzu mpya ya Kisaudi na viatu vyeusi vya kamba, nikapanda ndege ya jioni. Kwa Zuhura nikamkuta Maryam amekaa chini anashona kipande cha kanga kuukuu, kanga ya marehemu mamangu, amekikunja mara nne na pembeni ametia jina la Salma kwa uzi mwekundu. Nikadhani ni godoro la mwanasesere. Sikuuliza. Akanipa karatasi iliyotoka skuli.

"Nikusomee?" akasema.

Sasa mimi Kijapani nakisema, lakini maandishi yake hayajapata kunikubali hata siku moja, na Maryam anajua, na Zuhura alikuwa hajui, kwa sababu miaka yote nilikuwa namwandikia dada yangu kuwa nimebobea. Zuhura alikuwa amesimama pale na birika mkononi.

"Ya nini? Nimeshaisoma," nikasema, nikaitazama karatasi kwa makini, nikaona watoto wamechorwa mikono na miguu juu na kando yao ngoma, nikajua kesho kuna ngoma, nikaikunja nikatia mfukoni. (Baadaye sana Zuhura aliniambia, "Kaka, ile karatasi ulikuwa umeishika juu chini." Ile haikuwa ngoma. Ilikuwa ndoo.)

Hilo ndilo jambo dogo lililoniponza. Dakika mbili tu za kusomewa karatasi.

Asubuhi Maryam na Salma wakatangulia. Maryam akaniambia niende saa nne, pamoja na akina baba wengine. Nikakaa. Nikanywa chai ya kwanza, ya pili, na maneno ya Athumani yakanirudia, nikajiambia saa nne ni saa ya kuonyeshwa kilichopangwa, mwenye akili huenda kabla, akaone ambacho hakijapangwa. Saa tatu na nusu nikashika teksi.

Mtunza bustani alikuwa amemwagilia maji, njia imerowa, nikapita juu ya udongo moja kwa moja mpaka dirishani. Nikachungulia. Wallahi, mpaka leo naiona. Sakafu ya mbao, pana, inang'aa, na juu yake hakuna mtu ila mwanangu Salma, peke yake, amepiga magoti, makalio juu, mikono miwili juu ya tambara, anapiga deki. Kando yake ndoo. Na Mwalimu Sato amesimama, mikono ameifumbata, anamtazama.

Sikufikiri. Mlangoni palikuwa na viatu vya watu vimepangwa mistari, vidogo na vikubwa, navyo nikavipita. Mimi, niliyelelewa Unguja, ambako hata mwizi akiingia ndani huvua viatu! Nilichokumbuka ni kuwa vya kwangu vina kamba na nimezifunga mafundo mawili, na kwamba sina wakati.

Nikaingia. Nikamnyanyua Salma kwa mkono mmoja, kwa mkono wa pili nikamnyang'anya tambara nikalitupa, likagonga ukuta. Nikapiga kelele kwa Kijapani, kisha Kiarabu, na kilipoisha hicho nikamalizia kwa Kiswahili ambacho hakuna aliyekijua:

"Mwanangu si kijakazi wenu! Mnasikia? Kama mnataka mtu wa kufagia, ajirini! Halas!"

Ndipo nikasikia watu wanapumua nyuma yangu, nikageuka. Upande ambao dirisha halionyeshi, watoto kumi na mmoja walikuwa wamepanga mstari ukutani, kila mmoja amechuchumaa na tambara lake mbele lenye jina lake, wanangoja. Wa kwanza kwenye mstari alikuwa binti wa bosi. Na mlango wa jikoni ulikuwa wazi, umejaa akina mama, na katikati yao Maryam ameshika sahani ya maembe.

Salma alikuwa anapiga mateke hewani. Hakuwa analia bado. Alikuwa ananifokea, kwa Kijapani, tena na tena: "Ni zamu yangu! Leo ni zamu yangu!"

Mwalimu Sato akaniinamia (kwa adabu ambayo ilinikata kuliko kofi) akasema, "Baba yake Salma, karibu. Umewahi." Kisha akanieleza pole pole, kama mtu anayemweleza mtoto wa kumi na tatu wa darasa lile, kuwa hapo kila asubuhi watoto husafisha mahali pao wenyewe, wote, kwa mashindano, na siku ya wazazi anayeanza peke yake ni yule aliyefanya vizuri wiki hiyo, na kuwa Salma alikuwa ameomba baba yake aje aone sakafu ikiwa safi. Vyote hivi, akasema, viliandikwa kwenye karatasi. Karatasi ilikuwa mfukoni mwangu.

Nikamshusha Salma. Akatazama chini, nami nikatazama alikokuwa anatazama. Kutoka mlangoni mpaka pale niliposimama palikuwa na nyayo kumi na moja za udongo, nene, zenye kisigino, juu ya mbao alizokwisha kuzifuta. Hapo ndipo alipolia. Alilia kidogo tu, kisha akaenda ukutani, akaokota tambara lake, ile kanga ya mamangu, akalichovya ndooni, akapiga magoti akaanza kufuta unyayo wa kwanza.

Maryam alikuwa amemwinamia mwalimu, ameinama mpaka nikadhani mgongo umemkatika.

Ningeweza kujiokoa hapo, na hili ndilo ninalotaka mlijue. Mwalimu Sato alichukua tambara jingine akaninyooshea. "Baba yake, tafadhali." Ndiyo hiyo tu. Ningevua viatu, ningepiga magoti karibu na mwanangu, tungefuta pamoja na tungecheka sote. Lakini wakati huohuo akina baba wakawa wanawasili, wamesikia kelele wakaharakisha, na wa mbele ni bosi mwenyewe, mtu ambaye ghalani alikuwa akipita tunasimama. Akavua viatu, akavua koti, akakunja suruali mpaka magotini, akatoa tambara mfukoni lililoshonwa vizuri, akapiga magoti.

"Habari za asubuhi," akaniambia kutoka chini.

Nikashindwa. Nikasema nina simu ya dharura (simu gani, Jeddah nzima sina anayenijua ila dada yangu), nikatoka kwa njia ileile niliyoingilia, na viatu vyangu vilevile. Nilipofika mlangoni nikageuka. Salma alikuwa amefika unyayo wa tano, na mbele yake nilikuwa nimemwongezea nyingine.

Mtadhani skuli ilimkataa. La. Baada ya siku tatu Mwalimu Sato akatuma salamu kwa Zuhura kuwa nafasi ya Salma ipo, na kwamba wenzake wanamuulizia. Aliyemkataa ni mimi. Nilimwambia Maryam kuwa nimefikiri sana, Jeddah ni mbali, kuhama ni usumbufu, joto la kule litamdhuru mtoto. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na darasa la hapa Riyadh? Lile la sebuleni?"

"Nalo mafi, hamna kitu. Watoto watano, skuli gani hiyo?"

Alijua. Mke wa mhandisi alikuwa rafiki wa Mwalimu Sato, na mimi sikuweza kubisha hodi kwenye mlango ambao nyuma yake kuna mtu aliyekwisha kuhadithiwa. Maryam aliniambia maneno machache tu: "Aibu ni yako, Baba Salma. Anayeilipa ni mtoto." Na ghalani Athumani aliponiuliza, "Wamempa kazi gani?" nikamjibu kuwa nimebadili nia. Uhamisho pia nikaukataa.

Ikawa kama Maryam alivyosema. Alijitahidi peke yake, kwa nyimbo, kwa hadithi, lakini Salma akiulizwa kwa Kijapani akawa anajibu Kiswahili, na baadaye Kiarabu, na alipofika miaka tisa, simu ya Kobe ikilia alikuwa anaipokea, anatabasamu kama babu yake anamwona, kisha ananipa mimi. Yule mzee wa maneno matatu alikuwa ananiuliza, "Salma anasemaje?" Nami natunga.

Mzee alifariki Salma akiwa na miaka ishirini. Tukaenda Kobe wote watatu. Baada ya mazishi, wageni walipoondoka, bibi yake Salma, mdogo wa umbo, mgongo umepinda, alitia maji kwenye ndoo akapiga magoti kufuta sakafu ya mbao ambayo mumewe aliitengeneza kwa mikono yake. Salma alikuwa amekaa naye siku nne bila neno, wanatazamana na kushikana mikono. Nikamwona anainuka. Akaenda akachuchumaa, akaliondoa tambara taratibu kwenye mikono ya bibi yake, akasema kwa Kijapani, kwa sauti ya mtoto wa miaka minne, sentensi moja iliyokuwa imembakia:

"Leo ni zamu yangu."

Bibi akamshika kichwa kwa mikono miwili, akaanza kumwambia mambo mengi, mengi sana, na Salma hakuelewa hata moja, akageuka kunitafuta nimfasirie.

Nilikuwa nimesimama mlangoni, viatu vyangu mkononi. Nikaviweka chini, nikaingia, nikaomba tambara. Tangu siku hiyo karatasi yoyote nikipewa, iwe ya hospitali au ya harusi, namwambia aliyeileta mbele ya watu wote: nisomee, mimi sijui.