Kilungu hakuna mgonjwa: data safi ilivyotaka kumfukuzisha Mutheu kazi

Wakuu, hamjambo huko mliko. Wenye wako ofisini someni mkijifanya mnafungua email.

Hii ya leo si ya kusikia. Ilinipata mimi mwenyewe, mwili na laptop. Mnajua mimi huongeza chumvi kidogo, nimeshaambiwa hapa mara nyingi, lakini mahali nimeongeza mtaona chumvi yenyewe iking'aa. Mengine yote ni vile yalivyokuwa.

Kwa wageni: mimi ni data manager wa utafiti wa dawa, ofisi yetu iko Kitui mjini. Mama yangu amewaambia watu wote wa Kwa Vonza kwamba mimi ni daktari wa kompyuta. Kwa hivyo nikienda nyumbani Krismasi naletewa simu zimeingia maji na wazee wamevimba ufizi, wote kwa foleni moja.

Sikusomea hii kazi kwa chuo chenye nyasi na maua. Nilisoma jioni. Mchana nauza misumari kwa hardware, jioni naingia darasani na vumbi ya simiti kwa nywele. Darasa letu lilikuwa na askari wawili wa usiku ambao walitoka kwenda kazini kila tukikaribia kuelewa kitu, na mama mmoja wa mboga aliyetushinda wote kwa Excel. Nililala sana kwa hayo masomo. Naamini mambo mengi ya database yaliniingia kupitia ndoto.

Kazi yenyewe iko hivi. Watu wanajitolea kujaribu dawa. Fieldworker anawauliza maswali, anajaza majibu kwa simu ya kazi, fomu inaingia kwangu. Mimi naikagua. Nikiona kitu hakiingii akilini natuma query, yaani namuuliza fieldworker, "Jameni, hii ni kweli?"

Nimeona mambo.

Mzee wa Kalamba ameandikwa ana mimba. Kijana amezaliwa mwaka ambao haujafika. Kuna susu mmoja, yaani nyanya kwa Kikamba, aliulizwa mtu wake wa karibu ni nani. Akasema ni mume wake. Umri wa mume: miaka minne.

Nikatuma query nikicheka peke yangu kama mwendawazimu. Jibu likarudi: ni mjukuu, amepewa jina la marehemu babu yake, susu humwita mume wangu na hataki ibadilishwe. Nikaacha hivyo. Mimi ni nani niingilie ndoa ya watu?

Sasa tuingie kwa maneno yenyewe.

Study yetu ilikuwa ya dawa ya presha. Tembe hiyo inajulikana kwamba wengine wataimeza na wakae sawa, wengine watavimba miguu, wengine kichwa kitagonga, wengine watashikwa na kizunguzungu wakisimama haraka. Ndio maana kila mwezi tunauliza: "Tangu tuonane mara ya mwisho, umepata shida yoyote ya kiafya?"

Washiriki wa kituo cha Kwa Vonza walilalamika vizuri, kama watu wa heshima. Kalamba walilalamika mpaka mmoja akasema tangu aanze tembe, mbuzi wake amekataa kula.

Kilungu? Sufuri.

Mwezi ukaisha, sufuri. Mwingine ukaisha, sufuri. Si kichwa, si kikohozi, si hata kuumwa na mbu. Wazee wa presha, wanaopanda ile milima na gunia la parachichi mgongoni, na hakuna goti hata moja limetoa malalamiko! Kwa ripoti yangu, malaika walikuwa wanakuja Kilungu kupumzisha mabawa.

Nikapigiwa simu na mtaalamu wetu wa takwimu kule Nairobi. Sisi humwita Daktari. Ni mama mpole, anaongea polepole kama mtu anasoma wosia.

"Umeona Kilungu?"

"Nimeona, Daktari."

"Data safi hivyo haitoki kwa wagonjwa. Inatoka kwa mtu amekaa hotelini na chai, anajijazia."

Wakuu, hiyo inaitwa kupika data, na kwa kazi yetu hakuna dhambi kubwa kuliko hiyo. Unafutwa. Kituo kinafungwa, watu wake wote wanatolewa kwa study. Na jina lako linazunguka kila ofisi ya utafiti mpaka huwezi kuajiriwa hata kuhesabu kuku.

Fieldworker wa Kilungu anaitwa Mutheu. Nilikuwa namjua zaidi kwa maandishi. Ndiye yule akitumiwa query anajibu hivi: "Mkubwa, huyo mzee nimempima mara mbili. Kama kilo zake hazikufurahishi, kuja umbebe."

Nikajiuliza, mtu wa mdomo kama huo kweli anaweza kupika? Lakini namba ni namba, na ripoti ya kumnyonga ilikuwa imetoka kwa laptop yangu.

Daktari akasema mkutano ni Ijumaa, hapo tutaamua kama Mutheu anabaki au anaenda. "Nenda ujionee. Na usimwambie unakuja."

Nikaenda Jumatano, siku yao ya kliniki. Gari ya mradi ikaniacha mahali barabara nzuri inaishia, nikapanda kwa mguu. Mimi mtu wa tambarare! Nilifika juu nikiwa na dalili zote za fomu yangu: moyo mbio, kizunguzungu, kuona mbuzi mmoja kama wawili.

Kliniki hufanyiwa kwa ukumbi wa kanisa. Mutheu aliponiona akacheka.

"Aii, mkubwa! Leo query umeamua kuleta kwa mkono?"

Halafu akaniangalia vizuri, na kicheko kikaisha. "Umekuja kunikagua."

Nikamwambia nimekuja kuangalia vile simu za kazi zinashika network. Huo uongo ulisimama hapo katikati yetu, hata wenyewe ukiona haya.

Nikakaa kwa benchi ya nyuma. Mutheu akaanza kuita watu.

Wa kwanza alikuwa Susu Kalondu, mama mzee wa kitambaa cheupe. Aliingia akitembea kama mtu anakanyaga makaa. Kwa miguu alikuwa na sandals za mwanaume, na mikanda ya juu imekatwa kwa kisu ili mguu upate nafasi.

"Mwaitu," Mutheu akamwambia, kwa heshima, vile mtu anaita mama yake, "tangu mwezi jana umepata shida yoyote ya kiafya?"

"Aiee. Mimi ni mzima, kwa jina la Yesu."

"Kuumwa na kichwa?"

"Hakuna."

"Kuvimba miguu?"

Susu akaangalia miguu yake. Mutheu akaiangalia. Mimi kule nyuma nikainuka kidogo nikaiangalia. Ile miguu ilikuwa imeumuka kama mandazi ya harusi.

"Hakuna," Susu akasema.

"Mwaitu, si naiona."

"Unaiona wewe. Mimi nimesema?"

Mutheu akanigeukia na macho ya kuchoka. Mwongozo wetu unasema swali hilo lijazwe jibu la mshiriki mwenyewe, si maoni ya fieldworker. Akajaza "hapana". Susu akaweka kidole chini ya fomu, hapo kwa simu, kama sahihi yake, akaenda kukaa kwa benchi za mbele.

Akaja mwingine. Hakuna. Mwingine. Hakuna, Bwana asifiwe. Mzee mmoja alisema hakuna huku ameshikilia ukuta.

"Sasa umeona?" Mutheu akaniambia kwa sauti ya chini. "Niliwajibu kwa query kwamba watu wa huku hawasemi. Mkanijibu niulize tena kwa upole. Ninaweza kuwa mpole kushinda hivi kweli?"

Angalau nilijua hapiki. Lakini Ijumaa ningesema nini? Kwamba wamevimba lakini hawajavimba?

Basi watu wakaisha. Mzee wa kanisa, anaitwa Mulwa, ndiye huweka funguo za ukumbi na pia yeye anameza tembe. Akasimama kufunga kwa maombi kama kawaida yao.

"Kabla hatujafunga," akasema, "nani ako na hitaji?"

Wakuu.

Mikono ilipanda kama ya watoto wakiulizwa nani anataka soda.

Susu Kalondu alikuwa wa kwanza. "Mniombee miguu. Imevimba tangu nianze hii tembe, na tangu waniongezee imezidi. Usiku naiweka juu ya mto. Shamba sijaenda."

Mzee wa ukuta: "Mimi ni kizunguzungu. Nikisimama haraka nyumba inazunguka. Juzi nimeshikilia ng'ombe nikidhani ni mlango."

Mama mwingine, kichwa, kila asubuhi, upande wa kulia. Mwingine, moyo kuruka. Walitaja ilianza lini, inauma wapi, inazidi saa ngapi. Hata daktari bingwa hawezi kupata historia imenyooka namna hiyo. Mwishowe Mulwa mwenyewe akafunga macho, akasema, "Na mimi mnikumbuke, tumbo."

Mkono wangu ukaenda kwa laptop wenyewe. Mutheu akaupiga kofi.

"Wacha! Hawajakuambia wewe. Wanamwambia Mungu."

Na alikuwa sawa. Huwezi kuchukua maombi ya mtu ukaingiza kwa database bila ruhusa yake. Nikaketi, nikasema amina kama wengine.

Baada ya amina nikamfuata Susu Kalondu.

"Susu, mbona umemwambia Mutheu huna shida?"

Akaniangalia kama nimemuuliza mvua ni ya nani. "Huyo si anaandika?"

"Anaandika, ndio."

"Na mwisho naweka kidole. Wewe ukiletewa mzigo na gari, ukishaweka sahihi, huo mzigo ni wa nani?"

"Ni wangu."

"Umeupokea. Sasa mimi niweke kidole kwa miguu kuvimba? Huo ugonjwa ulikuwa unapita tu. Haujui kwangu. Siwezi kuupokea kwa maandishi."

"Amina," wakasema watu nyuma yake.

"Na kwa maombi, je?"

"Kwa maombi naurudisha."

Nilitaka kucheka, wakuu, lakini macho yangu yalirudi kwa ile miguu. Nikamwambia ukweli. Kwamba fomu zao zikifika Nairobi hivyo zilivyo, itasemekana hii tembe haivimbishi mtu yeyote Kilungu, na watu wengi wataongezewa tembe bila kuulizwa mara mbili. Na kwamba tayari kuna wanaosema Mutheu anadanganya, anajijazia, na Ijumaa anaweza kufutwa.

Watu wakageuka kumtazama Mutheu.

"Mutheu amedanganya nani?" Susu akauliza.

"Wanaona kama yeye hawaulizi nyinyi maswali."

"Huyu? Huyu ananiuliza maswali mpaka natamani kuhama!" Akageukia wenzake, akawaambia kitu kwa Kikamba haraka sana, hata mimi Mkamba mwenzao nilishika nusu. Halafu akarudi kwa kiti cha mbele, akakaa. "Mutheu, leta hiyo simu. Andika miguu imevimba. Lakini uandike pia kwamba mimi siipokei."

Mutheu akanitazama. Fomu ina sehemu ya maelezo ambayo watu huacha wazi.

"Andika," nikasema.

Foleni ikaanza upya. Kizunguzungu, mshiriki hapokei. Kichwa, upande wa kulia, mshiriki hapokei. Mulwa alisema tumbo lake analikataa mara tatu, na akangoja aone Mutheu ameandika mara tatu. Kina mama wa kanisa wakatuletea muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe, tukala tukiandika. Siku hiyohiyo Mutheu akampigia clinical officer wetu, yule mtabibu wa mradi. Kesho yake mtabibu akaja, akampunguzia Susu tembe.

Ijumaa ikafika. Tuko kwa video, Daktari anasoma kwa ile sauti ya wosia. "Kuvimba miguu, pande zote mbili. Mshiriki hapokei." Akainua macho. "Hapokei nini?"

Nikaeleza yote: mzigo, gari, kidole, kurudisha. Mutheu alikuwa kwa line lakini hakusema neno, na kwake hiyo ni dalili mbaya kuliko zote.

Daktari akavua miwani.

"Mama yangu," akasema, "alinificha ugonjwa wa sukari namna hiyo. Kila nikimuuliza, mzima kwa jina la Yesu. Nilijua siku alianguka jikoni." Akairudisha miwani. "Mutheu, endelea na kazi. Na hilo swali letu tulibadilishe, ni baya."

Kamati ya maadili, ile inayoidhinisha maswali yetu, ilichukua muda wa kutosha mtu kujenga na kuhamia. Lakini ilipitisha. Sasa tunauliza: "Je, kuna jambo lolote mwilini ambalo unalikataa kwa sasa?" Na juu ya mahali pa kidole tumeandika kwamba sahihi hii inaonyesha umeulizwa tu, haimaanishi umekubali ugonjwa. Mutheu ndiye anafundisha vituo vingine.

Shida mpya ni kwamba Kilungu hawanyamazi tena. Wiki jana nimepata fomu ya mama mmoja, kwa orodha ya dalili imeandikwa: mkwe. Mshiriki hapokei.

Nikamtumia Mutheu query: hii ni dalili kweli?

Akajibu: "Kuja umuone huyo mkwe kwanza."

Funzo langu ni dogo. Ukiuliza mtu na ujibiwe "hakuna" kila siku, kabla hujamuita mwongo, au umuite mwongo yule aliyetumwa kuuliza, angalia kama swali lako linamdai kitu ambacho hawezi kukupa.

Haya, uwanja ni wenu. Mwenye ana mzazi wa aina ya Susu Kalondu, huwa unamuulizaje mpaka anakuambia anaumwa wapi? Andikeni, maana wangu nimempigia asubuhi hii na amesema yeye ni mzima kabisa, na alikuwa anakohoa.