Maziwa ya Mama Uazuva

Juzi mwanamke wa Kiherero mwenye kilemba chenye umbo la pembe za ng'ombe alipanda lifti ya Tianxiu, jengo la maduka huku ugenini. Nilikuwa mtoto tena, dukani kwa Mama Uazuva, jirani yetu kutoka Namibia, akitufundisha mimi na bintiye vitenzi vya Kiherero: nakwenda, nilikwenda, sijaenda. Baada ya kila kitenzi alinipa kikombe cha maziwa mgando, yakinuka soksi za wiki nzima, mabonge yakiteleza kooni kama makamasi. Nilidhani ni adhabu ya kukosea, nikajitahidi zaidi. Kikombe kikaja kimejaa zaidi.

Bintiye akaanza kulia. "Mama, na mimi!"

"Wewe umekosea vyote," Mama Uazuva alimjibu kwa Kiswahili alichookota kwetu, ili nami nisikie. "Mwenzako amepatia. Mwache anywe."