Pampu ya Rejaf na Kazi Zilizofuata

Nilikuwa na miaka hamsini na saba ofisi yetu ya mtaa wa Thongpiny, Juba, ilipofungwa. Miaka kumi na tisa nilikuwa karani pale: barua, mafaili, simu, chai ya wageni. Siku ya mwisho nilirudi nyumbani Atlabara na kikombe changu na sweta, nikakaa wiki tatu nikifagia ua usio na uchafu. Sikuogopa njaa, maana wanangu walinisaidia. Niliogopa nilipogundua kwamba sijui ninapenda nini.

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, analima mboga Rejaf, kando ya mto. Akaniomba nikamsaidie kuchuma bamia kwa wiki moja. Siku ya pili pampu yake ikagoma: injini inanguruma, maji hayapandi. Akaitwa fundi, mzee mwenzangu aliyekulia Uganda. Nikachuchumaa karibu naye nikimuuliza hiki ni cha nini, kile kinaenda wapi, na kwa nini anamimina maji ndani ya kitu kinachotakiwa kuvuta maji. Alijibu kwa subira, mpaka akachoka.

"Mama, wewe iko na maswali mingi," akasema. "Shika spana."

Nikashika. Wiki moja ikawa miezi. Nilimfuata shamba hadi shamba. Yeye akinifundisha kufungua na kufunga, mimi nikimsomea vijitabu vya maelekezo vya Kiingereza, ambavyo vilikuwa vikimtoa jasho. Nikajua kwamba mara nyingi pampu yenyewe ni nzima, ila hewa imepenya mahali isipotakiwa.

Kisha fundi akaenda Nimule kumzika ndugu yake, na juma hilohilo pampu ya wifi ikagoma tena. Miche ya nyanya ilikuwa imeanza kulala. Nikawasha injini, nikapaka povu la sabuni kwenye bomba la kuvutia maji, polepole, kutoka kwenye pampu kuelekea mtoni. Karibu na ukingo povu likanyonywa ndani, ufa mwembamba kama uzi ukaonekana. Nikazima, nikaufunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, nikajaza maji, nikawasha. Maji yalipotoka nilicheka peke yangu, miguu imezama matopeni.

Habari zilisambaa. Wakulima wakaanza kuniita, nami nikawaeleza pampu zao kwa Kiswahili au kwa Arabi ya Juba, kila mmoja kwa lugha anayoielewa. Nesi mmoja aliyekuja kununua mboga alinisikia, akaniuliza kama ningeweza kuwatafsiria wagonjwa wa zahanati yao siku mbili kwa wiki. Nikakubali kabla hajamaliza kueleza.

Wifi alishangaa. Jumapili moja, tukitoka kanisani, aliniuliza: "Sasa mtu akitaka kujua unafanya kazi gani, nimwambie nini?"

Nilifikiri kweli, kwa sababu hata mimi nilitaka kujua. Mwishowe nikamjibu kwamba inategemea ni siku gani. Hakuridhika, lakini aliacha kuuliza.

Wiki iliyopita nilimtafsiria mpima macho wa zahanati. Bibi mmoja alivalishwa lenzi, akaziona kucha zake vizuri, akazikagua moja moja. Alipoondoka nikamuuliza mpima macho kioo kile kinapindishaje mwanga. Aliangalia saa, akavuta kiti cha pili, akaniambia nikae.