Jina la Mama Mkwe Katika Barua ya Shule

Tulikuwa watano ofisini kwa mwalimu mkuu: mimi, mume wangu, mama yake mzazi, mwalimu mkuu mwenyewe, na binti yangu wa kwanza, wa miaka kumi. Majina yote ninayo kichwani, lakini sitayaandika. Niseme tu kwamba jina moja lilikuwa la watu wawili, kwa sababu kwetu, huku juu ya Kianyaga, binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Kumchapa mtoto huyo ni kama kumchapa mama mkwe.

Na mtoto alikuwa mgumu. Si utundu wa kawaida. Aliiba, alisema uongo akikutazama machoni, na baba yake alipomchapa, alicheka.

Mwalimu mkuu akasoma barua yake amesimama wima, kuanzia kwa jina: ameuma mwalimu, amevunja madirisha saba, amekata mkia wa mbuzi wa jirani. Anafukuzwa mpaka aombe msamaha mbele ya shule nzima.

Mama mkwe hakusikia vizuri siku hizo. Alisikia jina lake.

“Mimi?”

“Ndivyo imeandikwa,” mwalimu akasema bila kuinua macho.

“Kuuma sikuuma. Niko na meno mbili tu, na hazikutani. Dirisha ni uongo. Lakini hiyo mbuzi...” Akashusha sauti. “Nani aliwaambia? Ilikuwa ya baba yangu, na nilikuwa kadogo.”

“Mama, si wewe,” mume wangu akasema. “Ni mtoto.”

“Si mlimpa jina yangu? Basi ni mimi.”

Tukamgeukia mtoto, aombe msamaha ili arudi kusoma. “Sitaki,” akasema. “Sioni ubaya.”

“Basi Jumatatu nitakuja mimi,” mama mkwe akasema.

Akaja kweli. Kwenye paredi, chini ya bendera, akataja jina lake lote. “Nimeuma mwalimu. Sitarudia.”

Walimu wakauma midomo wasicheke. Ndipo mtoto akampigia nyanya yake kelele kutoka mstarini, “Shosho, wacha! Ni mimi niliuma!”

Sikuwa nimewahi kumsikia akikubali kosa kabla ya hapo.

Mwalimu mkuu akaandika kwenye rejista kwamba mwenye jina amerudishwa. Hakuandika ni yupi. Kwa hiyo wakaketi wote wawili dawati moja hadi shule ilipofungwa. Miaka mingi baadaye daktari wa Nyeri aliniambia kuna watoto ambao tabia yao ni ugonjwa, na kiboko hakiwafai. Wanataka mtu asiyechoka kukaa nao. Nikamwambia huyo tulikuwa naye.

Mwalimu aliumwa tena muhula ule, mara moja. Mimi nasema ni mtoto. Kama ulikuwa darasani na uliona vingine, nisahihishe.