Asteria Husikiliza Kengele Kwanza

Kila asubuhi, kabla ya kugusa kompyuta, Asteria husimama mlangoni mwa ofisi ya ushirika wa tangawizi, mkono kiunoni, akitazama jengo la usharika wa kanisa ng'ambo ya barabara. Kengele ya kumaliza sala ikinyamaza, hungoja kidogo, kisha huketi na kufungua daftari lake la jalada la bluu. Niliyachukia maringo yale ya mlangoni.

Ilikuwa mwaka 2004. Nilikuwa nimerudi Same na shahada yangu, nikikaa nyumbani kusoma upya vitabu vilevile. Asteria aliishia kidato cha nne. Baba yake alitoka Songea kuja kukata mkonge. Shamba lilipouzwa na wakataji wakapunguzwa, Asteria akajifunza kupiga chapa ili wadogo zake wapate kula. Ushirika ulipopewa kompyuta ya mfumo wa Linux, mgeni aliyeileta alimwonyesha mara mbili tu namna ya kuiunganisha na mtandao usio na waya uliotoka usharikani: kuamsha kadi ya mtandao, kutaja jina la mtandao, kuingiza neno la siri, kuomba anwani ya mtandaoni. Asteria aliandika amri hizo kwa vidole vyake kila siku, mstari kwa mstari. Mwenyekiti, Mzee Aminieli, alimwita "fundi wetu." Mimi hakuna aliyewahi kuniita fundi.

Kisha Asteria akaenda Hedaru msibani. Mzee Aminieli akaniita.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Haya, binti wa chuo kikuu, kesho kabla ya saa nne mnunuzi wa Dar anatuma oda. Ukiipokea, kompyuta ni yako. Asteria atarudi kwenye taipu."

Jioni ile nilifungua daftari la Asteria bila ruhusa ya mtu, nikanakili amri zote na kuziweka kwenye faili moja, ili mashine ijiunganishe yenyewe kila inapowashwa. Nikalala nikimwona Asteria kwenye taipu.

Saa moja na nusu asubuhi nikaiwasha. Ikaomba anwani, haikujibiwa, ikaacha. Nikadhani nimekosea neno la siri, nikalibadilisha. Nikabadilisha jina la mtandao. Nikavuruga mipangilio ya kadi; kengele ya sala ilipolia, mashine ilikuwa haiioni tena.

Saa tatu na nusu Asteria akaingia, ametoka basini, khanga ya msibani bado kiunoni.

"Mwanachuo, mbona jasho?"

"Anaiatamia tangu asubuhi," alisema Mzee Aminieli, "kama kuku aliyewekewa jiwe."

Asteria akalisoma faili langu. "Umeiwasha saa ngapi?"

"Saa moja na nusu."

"Saa hiyo Melkizedeki, mlinzi wa usharika, yuko kwenye sala. Huzima mtambo wa mtandao usiku, na hauwashi mpaka kengele ya kumaliza ipigwe. Ulikuwa unapiga hodi nyumba haina watu!"

Mzee Aminieli alicheka mpaka akakohoa. Asteria akafuta faili langu, akaiwasha mashine upya, akaamsha kadi, akaandika amri zake moja moja. Oda ikaingia saa nne kasorobo, na kompyuta ikabaki yake.

Mzee alipotoka, nilimsogelea.

"Dada Asteria, mbona habari ya kengele hukuiandika daftarini?"

"Humo naandika ninayoyasahau."